Redio Isiyofika Falls Church

Jumamosi ile niliamka na furaha ya mtu aliyemnunulia mwenzake kiatu bila kumuuliza anavaa namba gani. Nilikuwa na siri nzuri. Nilimimina chai kwenye chupa, nikaingia kwenye gari na kuelekea studio yetu ya Riverdale Park, Maryland, huku nikiimba. Kama ningejua yaliyokuwa yananisubiri, ningelala mpaka saa sita.

Mimi hutangaza kipindi cha muziki wa kantri kwa Kiswahili, kila Jumamosi kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tano, kwenye redio ndogo ya jamii. Siku nyingine za juma ninapokea wagonjwa kwenye kliniki ya meno. Redio hainilipi, ila inanipa mahali pa kusema. Wamarekani nikiwaambia ninachofanya hucheka kwanza, kisha huniuliza imekuwaje. Wakenya hawaulizi. Sisi tuliolelewa milimani, kwenye baridi na matope na viazi, muziki huu tuliukuta nyumbani kama tulivyoikuta meza. Jumapili jioni mama yangu alikuwa akipiga pasi sare zetu za shule huku mwanamume fulani wa Amerika akilia redioni kuhusu treni, mvua na mwanamke aliyemkosea. Maneno yote hatukuyajua. Tulichojua ni kwamba yule mtu amekosa, na anakiri mbele ya dunia nzima bila haya. Nilipohamia huku nilidhani nitaukuta kila mahali. Wenzangu kliniki hawajui hata wimbo mmoja, na mmoja wao aliniambia kwa upole kwamba huo ni muziki wa babu yake.

Studio yetu iko chini ya jengo la zamani karibu na reli. Treni ya mizigo ikipita, vikombe vinacheza mezani na ngurumo inaingia hewani. Wasikilizaji wengine hudhani ni sehemu ya wimbo, na kwa muziki ninaopiga mimi siwezi kuwalaumu.

Kitu nilichokileta kutoka nyumbani, na ambacho mkuu wa kituo hajakielewa mpaka leo, ni salamu. Msikilizaji ananitumia ujumbe Ijumaa, anataja anaowasalimia, anamalizia na neno la busara, nami ninasoma wimbo ukianza kwa chini. Sheria ya salamu anaijua kila aliyekulia na redio: ukisalimiwa, unajibu, na unajibu kupitia redio ileile. Ukimpigia mtu simu kumwambia umesikia, hilo si jibu. Salamu iliyokwenda hewani hurudi hewani, na isiporudi watu wote wanajua haijarudi.

Ndiyo maana mama mmoja wa Silver Spring alikuwa akinisumbua akili.

Alikuwa mtu mzima, Mkenya, anayehudumia wazee majumbani mwao. Alianza kunitumia salamu majira ya baridi, kila Ijumaa bila kukosa, na kila mara alimsalimia mtu mmoja tu: mdogo wake wa Falls Church, ng'ambo ya mto, Virginia. Mwanzoni zilikuwa fupi. "Namsalimia mdogo wangu wa Falls Church. Ujumbe: heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi." Kisha zikawa zinarefuka. Juma moja alikumbusha jinsi walivyolala kitanda kimoja utotoni, mdogo akivuta blanketi lote. Juma jingine alitaja mtoto aliyezaliwa, mjukuu wao, ambaye yeye hajamwona. Jibu halikuja hata siku moja.

Mimi ni mdadisi, nakiri, na duka letu la unga pale Silver Spring lina masikio. Nilinunua unga ambao sikuuhitaji mpaka nikapata habari yote. Mdogo wake huyo alimwoza binti. Dada mkubwa, ambaye kwa desturi ni mama mkubwa wa bibi harusi na mahali pake ni mbele, akapangiwa meza ya nyuma, karibu na mlango wa jikoni, pamoja na watu waliofanya kazi na bwana harusi. Alivumilia mpaka chakula kilipoletwa. Hapo akasimama, akasema mbele ya ukumbi mzima kwamba nyumba ya mdogo wake hataikanyaga tena, hata aitwe na nani, na akaondoka bila kuonja wali. Baadaye bibi harusi akajifungua. Mdogo hakumwita dada kuja kuona mtoto, kwa sababu dada alisema hataikanyaga nyumba. Dada hakupiga simu, kwa sababu mkubwa hapigi simu kwanza. Mtoto yuko Falls Church kwa bibi yake, anakua.

Nikamwelewa, lakini sikumwelewa mdogo wake. Mtu anasikiaje maneno kama yale kila Jumamosi na kunyamaza? Nikaanza kumchukia mwanamke nisiyemjua. Kisha Jumapili moja nilialikwa kwa rafiki Falls Church, nikaacha redio ya gari kwenye masafa yetu ili nijue sauti yetu inafika wapi. Mpaka Silver Spring tulisikika kwa tabu. Kwenye Beltway, barabara kuu inayozunguka jiji, tukaanza kukwaruza. Kabla sijafika darajani, mhubiri wa Kihispania alikuwa amekalia masafa yetu kama nyumba ya baba yake, na ng'ambo ya mto hatukuwepo kabisa. Niliendesha mpaka nje ya jengo la rafiki yangu nikizungusha kitufe. Hakuna kitu.

Basi nikaona nimeelewa. Yule mama maskini alikuwa akimsalimia mtu ambaye redio haimfikii, na hakuna aliyemwambia. Ningeweza kumwambia mimi. Badala yake nikaona nimpe zawadi. Nilimbembeleza fundi wetu wa mitambo, kijana wa Kikongo kutoka Bukavu mwenye subira ya mtakatifu, atuunganishe mtandaoni, ili kipindi kisikike popote penye simu. Alihangaika jioni nyingi baada ya kazi yake ya kuendesha lori la mizigo. Jumamosi ile ndiyo ilikuwa ya kwanza.

"Yaya, tuko prêt, tayari kabisa," aliniambia nilipoingia; yaya kwao ni dada mkubwa. "Link nimesha kuituma kwa magroupe yote. Sasa hata Virginia banasikia."

Salamu za yule mama za juma lile zilikuwa ndefu kuliko zote. Nilikuwa nimezinakili kwenye karatasi, kwa sababu simu yangu ya mkononi huizima nikiingia studio. Inaingiza mlio kwenye kipaza sauti. Kumbuka hilo, maana ndilo lililoniponza.

Nilifungua kipindi kwa mbwembwe. Nikatangaza kwamba kuanzia leo hatusikiki Maryland peke yake, tunavuka mto, tunafika Virginia na popote pale. "Na mama yetu wa Silver Spring," nikasema, "kaa karibu na redio yako. Leo salamu zako zitafika." Nikapiga wimbo wa kwanza, nikaegemea kiti, nikajipongeza kwa chai.

Simu ya studio, ambayo ni moja tu na laini yake ni moja, ikawaka papo hapo. Alikuwa mzee Mmarekani wa Hyattsville, fundi bomba mstaafu, ambaye haelewi Kiswahili hata neno na hajakosa kipindi changu. Hupiga kila Jumamosi kulalamika kwamba ninaongea wakati gitaa linapigwa. Siku hiyo hakuja kulalamika. Alitaka kujua ni nini hasa ninachosoma wakati nyimbo zinaanza, kwa sababu mke wake aliwahi kusema ni matangazo ya mazishi na yeye alibisha. Nikamweleza ni salamu. Akauliza kwa nini watu wasipigiane simu. Nikamweleza tena. Akasema hajaelewa ila anapenda salamu zinavyosikika, akauliza kama ningeweza kumfafanulia kidogo. Nikamwomba radhi, nikakata, nikatangaza wimbo wa pili. Simu ikawaka. Yeye tena, alikuwa amepata swali jingine.

Hapohapo fundi akaingia amenyoosha vidole viwili, maana yake mtandao umekatika mara ya pili. Treni ikapita. Kompyuta ikapiga wimbo ambao sikuuchagua, wa krismasi, na sisi tuko mwezi wa nne. Nikamwambia mzee wa Hyattsville asubiri kwenye laini, nikamsahau pale kwa nyimbo tatu, na yeye, Mungu ambariki, akasubiri. Ndiyo kusema kwa muda wote huo hakuna mtu mwingine aliyeweza kunipata. Hilo sikulifikiria. Nilikuwa nikifikiria krismasi.

Mtandao uliporudi, fundi akaniinulia kidole gumba kupitia kioo. Nikachagua wimbo wenye gitaa la pole mwanzoni, nikashusha sauti, nikasoma.

"Namsalimia mdogo wangu wa Falls Church. Siku ya harusi nilikula hasira nikalala njaa. Yale maneno niliyasema mimi, hakuna aliyenituma. Kila nikipita kwa duka ya watoto nasimama. Nilimfumia mtoto sweta ya manjano, sasa iko kwa droo, na nikihesabu naona itakuwa imekuwa ndogo. Ujumbe: mkubwa naye huomba msamaha, ni vile hafundishwi."

Nikaupandisha wimbo. Fundi, nyuma ya kioo, alikuwa amevua kofia yake, akiikunjakunja mikononi. Nikakumbuka laini ya simu, nikamwachilia mzee wa Hyattsville kwa samahani nyingi, na kabla kidole hakijatoka kwenye kitufe simu ikawaka upya.

"Umesoma?"

Nilimjua kwa sauti. Tulishawahi kusalimiana pale dukani. "Nimesoma, auntie. Na leo imefika, hata usi..."

"Wewe msichana. Nimekupigia mpaka kidole kimeuma. Busy, busy, busy. Yako ya mkono umezima. Nani alikuambia uniweke kwa internet?"

"Nilidhani utafurahi," nikasema. "Redio ilikuwa haifiki Falls Church. Nimeipima mwenyewe kwa gari. Nilikuwa naona unasalimia ukuta."

"Najua haifiki."

Wimbo ulikuwa umefika katikati.

"Kwani mimi ni mjinga?" akasema. "Nilikuwa naenda kwa huyo mtu kila Saturday kabla ya hiyo harusi. Redio yako nimeitafuta kwa jikoni yake mpaka nikachoka, ni kelele tu. Najua haifiki. Unadhani ningesema hizo maneno kama inafika?"

"Sasa ulikuwa unamwambia nani?"

"Nilikuwa naongea. Mtu hawezi kuongea?" Akavuta pumzi, na nilisikia kwamba hasira imebadilika kuwa kitu kingine. "Sasa ako na mdomo wangu huko kwa nyumba yake. Ataambia watu dada mkubwa amekuja na magoti. Na akinyamaza je? Zile Saturday zingine alikuwa amenyamaza kwa sababu hasikii. Leo akinyamaza ni amenyamaza. Umeona? Hiyo ndio umenifanyia."

Nikaanza kumwomba radhi, akanikatiza.

"Nimezima hii redio yako," akasema. "Na usinisome tena." Akakata.

Nilikaa na hedifoni shingoni. Kwanza nilikasirika, kwa kuwa hakuna anayependa zawadi yake itupwe. Kisha nikaona aibu. Na chini ya vyote viwili, udadisi wangu ukaanza kuchokonoa, hata saa ile. Kumbe majuma yote yale nilikuwa namhurumia kwa salamu zake kutofika, na kutofika huko ndiko kulikompa nafasi ya kusema. Alihitaji mahali ambapo neno linasemwa kwa sauti, na watu wanalisikia, na anayehusika halisikii. Nilijaribu kufikiria kama ninalo neno la namna hiyo mimi mwenyewe. Ninalo. Si la hapa.

Niliiwasha simu ya mkononi ili nimwombe radhi kwa maandishi. Ujumbe wake ukaanza kuingia mmoja baada ya mwingine, kila mmoja mfupi kuliko uliotangulia: Usisome hiyo yangu leo. Tafadhali. Usisome. Halafu chini yake, ujumbe kutoka namba nisiyoijua, ya Virginia.

Niliusoma nimesimama. Nikamwita fundi kwa mkono, naye akausoma juu ya bega langu, akaguna.

"Yaya, hii unasoma lini?"

Lilikuwa swali la maana. Mwenye salamu ameniambia nisimsome tena. Lakini hizi hazikuwa zake. Zilikuwa zinamwendea yeye. Kwa sheria ya salamu nililazimika kuzisoma, na nikizisoma hasikii, maana amezima redio. Nikazituma kwenye simu yake? Hapo zingekuwa maneno tu kati ya watu wawili, na kosa lilifanyika mbele ya ukumbi, msamaha ukaombwa mbele ya watu wote wa Maryland. Jibu la chini ya meza angelikataa, nami ningemuunga mkono. Nikampigia mara moja. Hakupokea.

"Mtandao umekufa tena," fundi akasema. "Attends kidogo, naurudisha."

"Uache," nikamwambia. "Silver Spring hawahitaji mtandao. Silver Spring tunafika."

Zilikuwa zimebaki dakika chache kipindi kiishe, na anayenifuata ni bibi mmoja wa kipindi cha jazi asiyemwachia mtu hata pumzi. Nikaweka wimbo wangu wa kufungia, nikashusha sauti, nikafungua kipaza sauti, na treni ya mizigo ikaja. Si ile ya abiria inayopita na kwisha. Ya mizigo, mabehewa yasiyo na mwisho, chupa ya chai inacheza, na mimi mdomo wazi mbele ya kipaza sauti kama samaki. Sijawahi kuichukia reli kama siku ile. Bibi wa jazi alikuwa ameshaingia na mkoba wake, anatazama saa ya ukutani waziwazi. Nilimwinulia kiganja. Behewa la mwisho lilipopita nilisoma upesi, kisha nikasoma mara ya pili taratibu, kama tunavyosoma nyumbani matangazo yasiyotakiwa kumpita mtu.

"Namsalimia dada yangu mkubwa wa Silver Spring, mtoto wa kwanza wa mama yetu. Salamu zimenifikia. Nimezisikia nikiwa kwa jikoni na nimekaa chini. Ile meza haikuwa yako, ni mimi niliipanga vibaya, na nikaona haya kusema. Blanketi nilikuwa navuta kwa sababu ulikuwa na joto. Hiyo sweta haiwezi kumtosha, mtoto ni mnene. Ujumbe: kuja umpime mwenyewe, ufume ingine."

Nikaupandisha wimbo. Bibi wa jazi, ambaye hakuelewa neno, aliweka mkoba wake chini na hakuniambia chochote kuhusu muda. Nilianza kukusanya vitu vyangu. Nilikuwa nimechoka kama niliyebeba magunia, na sikujua kama maneno yale yamemfikia mtu au yamekwenda kusalimia ukuta. Nikafikiri ningepitia Silver Spring nikagonge mlango, kisha nikakumbuka sijui mlango wenyewe.

Simu ya studio ikawaka. Nikadhani ni mzee wa Hyattsville na swali lake, nikaipokea kwa sauti ya ukali.

Kulikuwa na kelele kubwa, ule mlio unaokwaruza mtu anapopiga simu akiwa amekaa karibu na redio iliyo wazi. Nyuma ya mlio nilisikia wimbo wangu wa kufungia, neno kwa neno. Nikasema tunachosema watangazaji wote, maana mdomo umezoea.

"Punguza kwanza sauti ya redio yako."

Hakupunguza.

"Ati mnene," akasema. "Mnene kiasi gani?"